Nilizirai nikitazama mateso ya Yesu. Je, imani yangu ina kasoro?

*"Daktari, nakusalimu. Mimi ni mwanamume wa miaka 42, mwalimu wa vijana kanisani. Ijumaa Kuu iliyopita tuliwaonyesha vijana filamu ya The Passion of the Christ kwa projekta. Mimi ndiye niliyeichagua, ingawa sikuwahi kuitazama yote. Ilipofika pale askari wanapompiga Yesu mijeledi, jasho jembamba lilianza kunitoka, masikio yakavuma, nikawa napiga miayo kama mwenye usingizi. Nilifumba macho, lakini ile sauti, kama ya mkanda wa marehemu baba, haikuniacha. Nilipozinduka nilikuwa nimelazwa kwenye benchi nje, watu wananipepea. Wenzangu ukumbini walikuwa wakilia. Mimi sikutoa hata chozi. Mzee mmoja alisema iko roho ndani yangu isiyopenda kuuona msalaba.*

*"Sasa ni wiki ya tatu. Nikifumba macho kuomba naona mgongo uliochanika. Siku ya Meza ya Bwana nilitoka nje nikisingizia simu. Binti yangu wa miaka 8, aliyekuwa amekaa nyuma na mama yake, halali bila taa. Tena kijana mmoja alitoka ukumbini akiwatukana Wayahudi, nami sikujua nimwambie nini. Mke wangu ananishauri niitazame filamu hiyo tena na tena hadi nizoee. Je, imani yangu ina kasoro? Niitazame tena? Na mtoto nimsaidieje?"*

Ndugu yangu, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa natafuta dalili za hatari. Mara ya pili nilisoma taratibu, na nikaona kuna maneno machache uliyoyapitia haraka kama mtu anayevuka barabara. Nitayarudia. Kwanza tuzungumze juu ya kuanguka kwako, maana naona ndiko kunakokuaibisha zaidi.

Kilichokuangusha kinajulikana vizuri katika udaktari, na hakibagui mcha Mungu na asiyesali. Mtu akiona damu au jeraha, moyo hudunda mbio na shinikizo la damu hupanda, kama ilivyo katika hofu yoyote ile. Kwa baadhi yetu mambo hayaishii hapo. Baada ya kupanda, kila kitu huporomoka. Iko neva ndefu iitwayo vagasi, inayotoka kwenye shina la ubongo, ikapita shingoni, ikafika moyoni na tumboni. Neva hii huufunga moyo breki, na wakati huohuo mishipa ya damu ya tumboni na miguuni hulegea. Damu hutuama chini, ubongo ukapungukiwa kwa sekunde chache, na mtu akaenda chini. Kabla ya hapo hupiga hodi: jasho jembamba, masikio kuvuma, kichefuchefu, macho kuingia giza kuanzia pembeni, na miayo. Hiyo miayo watu wengi hawaitaji kwa sababu wanaona haina maana. Wewe umeitaja, na ndiyo iliyonipa uhakika zaidi.

Kuanguka kwenyewe ni sehemu ya tiba. Mtu akilala chali, damu inarudi kichwani bila kupanda mlima. Waliokulaza kwenye benchi walifanya vyema, na wangekuinua miguu kidogo ingekuwa vyema zaidi. Kosa linalofanywa mara nyingi ni kumsimamisha mtu haraka "ili apate hewa," naye anaanguka mara ya pili.

Nami yalinikuta. Nilipokuwa mwanafunzi, siku yangu ya kwanza katika chumba cha upasuaji, daktari mpasuaji alikata ngozi na mimi nikawa wa kwanza kulala, kabla hata mgonjwa hajafikiwa kwenye nyama. Nilipozinduka muuguzi alikuwa ameinua miguu yangu juu ya kigoda, akaniambia nisijali, kila mwaka wanamwokota mmoja au wawili. Wachangia damu hupatwa na hali hii. Askari hupatwa. Vijana wenye misuli hupatwa wakiona sindano ya chanjo. Hofu ya damu na majeraha huonekana kwa watu kama 3 au 4 katika kila 100, na mara nyingi hutembea katika ukoo. Ukiuliza kwenu, usishangae kumpata shangazi au binamu aliyewahi kuanguka hospitalini akimsindikiza mtu.

Hapa nisahihishe ushauri ambao bila shaka umeshapewa: "Ukisikia hivyo, vuta pumzi, tulia, legeza mwili." Kwa hofu ya nyoka au ya kusimama mbele ya watu, sawa. Kwa kuzirai kwa sababu ya damu, ushauri huo unakupeleka chini upesi zaidi, kwa sababu shida yako dakika ile ni shinikizo lililoshuka, nawe unazidi kulilegeza. Mwanasaikolojia wa Uswidi, Lars-Göran Öst, pamoja na wenzake waliendeleza mbinu iliyo kinyume cha hiyo miaka ya 1980. Unakaza misuli ya mikono, mapaja na kiwiliwili kwa sekunde 10 hadi 15, mpaka usikie uso unapata joto. Unaachia kwa sekunde 20 au 30, bila kujilegeza kabisa, kisha unakaza tena, mara tano hivi. Ukijizoeza nyumbani kwa siku kadhaa, mwili unaijua kazi hata kabla masikio hayajaanza kuvuma. Hii itakufaa zaidi maabara na kwa daktari wa meno kuliko kwenye filamu.

Lakini siwezi kukupima kwa barua. Ikiwa uliwahi kuzirai ukiwa unakimbia au unafanya kazi nzito, ikiwa ulianguka pasipo dalili zozote, ukasikia maumivu ya kifua au moyo kwenda mrama, ukajing'ata ulimi, ukachelewa kurudiwa na akili, au kama kwenu kuna mtu aliyefariki ghafla akiwa kijana, basi nenda ukapimwe moyo. Mengine yote niliyoandika hapa yasubiri.

Sasa machozi. Unajilaumu kwamba wenzako walilia nawe hukulia. Tazama saa, ndugu yangu. Ulianguka katikati ya onyesho lile lile lililowaliza wao, na mwili unaoporomoka hauna nafasi ya kulia. Kuna jambo lililopimwa kwa mashine za picha za ubongo mwaka 2004, mwaka uleule filamu yako ilipotoka: Tania Singer na wenzake walionyesha kwamba mtu akijua mpenzi wake anaumizwa, sehemu za ubongo wake zinazobeba uchungu wa maumivu huamka, ingawa yeye mwenyewe hakuguswa. Kwa mwingine uchungu huo hutokea machoni, kwa mwingine hutokea tumboni. Wako ambao huganda kabisa wasisikie kitu, na wako wanaocheka, wakajichukia baadaye. Hakuna hata mmoja kati yao ambaye mwili wake umetoa hukumu juu ya imani yake.

Juu ya ile roho isiyopenda msalaba, mimi si mchungaji na sitaki kuingia madhabahuni na viatu. Nitasema tu kwamba maelezo ya neva ya vagasi yanatosha kabisa kueleza ulichopata, na kwamba mtu aliyetoka kuzirai anaweza kuamini kirahisi analoambiwa akiwa amelala. Mzee wako alizungumza saa mbaya. Tena, ukiifungua Injili ya Marko sura ya 15, mstari wa 40, utawakuta wanawake waliomfuata Yesu tangu Galilaya, na imeandikwa kwamba walikuwa "wakitazama kwa mbali." Mwandishi hakuwalaumu kwa umbali ule.

Mbona basi filamu hii ikakupiga kuliko nyingine za mapigano ambazo bila shaka umeshazitazama? Mtazamaji wa filamu ya kutisha ana ngao moja kubwa: "Haya ni maigizo." Akibanwa sana anajikumbusha hivyo, moyo unashuka. Wewe hukuwa nayo. Muigizaji ni muigizaji, lakini kwako tukio ni kweli, na aliyepigwa unamwita Bwana. Juu ya hapo umefundishwa, na wewe unafundisha, kwamba alipigwa kwa ajili yako. Kwa hiyo ulikaa pale ukiwa shahidi, na ukiwa pia mtu anayehisi ana mkono katika kipigo. Kufumba macho kulikuwa kama kumkimbia, kutazama kulikuwa kama kuungana na umati. Sijui mtu angekaa wapi katika hali hiyo akastarehe.

Tunajua kwamba tunachojiambia wakati wa kutazama hubadilisha mwili wenyewe. Mwaka 1964 Richard Lazarus na wenzake huko Marekani walichapisha jaribio ambalo sisi wa fani hii bado tunalisimulia. Waliwaonyesha watu filamu ya jando la Waaborijini wa Australia, vijana wakikatwa kwa jiwe. Picha zilikuwa zilezile, sauti ya msimulizi ndiyo iliyobadilishwa. Waliosikia msimulizi akisisitiza maumivu, moyo na jasho la mikono vilipanda zaidi. Waliosikia msimulizi akieleza kwa utulivu kama mtafiti wa mila, mwili wao ulikuwa shwari zaidi. Ukumbini kwenu msimulizi alikuwa miaka yote ya mahubiri uliyoyabeba kichwani.

Halafu kuna ufundi. Mel Gibson, mwongozaji wa filamu hiyo, alikusudia uumie. Injili ya Yohana inayapitisha mapigo yale kwa mstari mmoja mfupi, sura ya 19 mstari wa 1, na haisemi mgongo ulifananaje. Filamu inaukokota mstari ule kwa dakika nyingi, kwa mwendo wa polepole, kamera ikiwa karibu na ngozi. Utakumbuka askari anaijaribu ile silaha ya vyuma kwanza kwenye meza, ikang'ang'ania mbao. Lengo la sekunde zile ni kuufundisha mwili wako nini kitafuata, na mwili ulifundishika. Baadaye mama yake anapiga magoti kufuta damu sakafuni kwa vitambaa. Injili hazina tukio hilo. Limetoka katika maono yanayohusishwa na mtawa wa Ujerumani, Anne Catherine Emmerich, aliyefariki 1824. Wala jeraha ulilolibeba kichwani si jeraha. Ni mpira na rangi alivyobandikwa Jim Caviezel, aliyeigiza Yesu, kwa saa nyingi, kazi nzuri kiasi kwamba upambaji wa filamu hiyo uliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Sikwambii haya ili kuyapunguza mateso ya Yesu. Nakwambia ili ujue kwamba picha inayokusumbua ukisali ni ya msanii, nawe una haki ya kuirudisha kwake ukabaki na habari yako.

Sasa nirudi kwenye maneno uliyoyapitia haraka. "Kama ya mkanda wa marehemu baba."

Hukuombwa kuyaandika, na hukuyaeleza, ukaendelea na benchi. Katika kazi hii nimejifunza kusimama mahali ambapo msimulizi hakusimama. Macho yanaweza kufumbwa, masikio hayana kope. Ulipofumba macho uliondoa picha ya Gibson, ikabaki sauti peke yake, na sauti isiyo na picha hutafuta picha pale ilipo. Inawezekana, na nasema inawezekana tu, kwamba dakika ile haukuwa ukimtazama Yesu hata kidogo. Ulikuwa mtoto wa miaka saba au tisa, katika chumba unachokijua wewe. Kumbukumbu za namna hii hazikai kama hadithi yenye mwanzo na mwisho. Hukaa vipande vipande: mlio, harufu, namna buckle, kile chuma cha mkanda, inavyolia kabla mkanda haujatoka kiunoni. Kipande kimoja kikiguswa, mwili hujibu kwanza, na akili huja baadaye kuuliza kuna nini.

Kama nimekosea, samehe, lipuuze. Kama nimegusa mahali, basi elewa kwamba ulichokuwa nacho ni mambo mawili yaliyokutana siku moja: mwili unaozirai kwa damu, na kipigo cha zamani ambacho pengine hujawahi kumsimulia mtu. Tena ni cha baba aliyekwisha kufa, ambaye huwezi kumuuliza wala kumkasirikia kwa raha. La kwanza ni dogo. La pili linastahili mtu wa kukaa naye ana kwa ana, mwanasaikolojia au mshauri nasaha aliyesomea kazi hiyo, hata kama picha zenyewe zitaisha wiki ijayo. Mwongozo wa Marekani wa kutambua magonjwa ya akili, toleo la mwaka 2013, unasema wazi kwamba kutazama jambo la kutisha kwenye filamu au televisheni hakuhesabiki kuwa tukio la kumpa mtu ugonjwa wa kiwewe, isipokuwa kama ni sehemu ya kazi yake. Kupigwa kikatili utotoni kunaweza kuhesabika. Ndiyo maana namuuliza mtu aliyeumizwa na filamu mambo ambayo hayamo kwenye filamu.

Hizo picha zinazokujia ukisali ni za kawaida baada ya mshtuko, na kwa watu wengi hufifia zenyewe katika wiki chache. Kinachozichelewesha kwa kawaida ni juhudi ya kuzifukuza. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner aliwaambia watu wasimfikirie dubu mweupe, na wapige kengele kila anapowajia. Kengele zililia. Kisha waliporuhusiwa kumfikiria, walimfikiria kuliko wale ambao hawakukatazwa tangu mwanzo. Kila unapokunja uso ukisema "Isije, isije," unamkaribisha dubu wako. Picha ikija, iseme kwa jina: "Ni ile picha ya filamu." Omba macho yakiwa wazi kwa muda huu, hakuna amri ya kufumba. Shika kitu mkononi. Fanya kazi ya mikono na macho pamoja, kushona, kuchora, kupanga vipande vya fumbo. Kule Oxford mwaka 2009, Emily Holmes na wenzake waliwaonyesha watu filamu ya majeraha, na nusu saa baadaye wengine wakacheza Tetris, mchezo wa kompyuta wa kupanga vipande vinavyoanguka, kwa dakika 10. Waliocheza walisumbuliwa na picha chache zaidi wiki ile, kwa sababu, kwa maelezo ya watafiti, mchezo ulikuwa unagombania nafasi ileile ya ubongo inayochora picha. Wewe nusu saa hiyo imekwisha kupita, lakini macho na mikono yenye kazi bado husaidia picha inapobisha.

Kuna jambo moja zaidi, nalo huwa natumia muda mwingi kulifanya na wagonjwa wangu. Ulizirai katikati. Kwako filamu haikuisha. Wenzako walifika kaburini, wakaona sanda ikilegea na mkono wenye tundu la msumari ukipita, wakatoka nje na mwisho fulani. Wewe picha yako imeganda kwenye mgongo uliochanika, na kila ikirudi inaanzia pale na kuishia palepale. Jaribu hili mchana, ukiwa umekaa, pengine na mkeo karibu: iache picha ije, halafu usiikimbie, isukume mbele. Masikio yanavuma. Giza. Benchi. Nani alikuwa anakupepea, kwa nini, kwa khanga au kwa kitabu cha nyimbo? Maji yalikuwa ya baridi? Ulirudije nyumbani? Kisha, kwa kuwa wewe ni muumini, endelea hadi asubuhi ya Jumapili kama unavyoijua wewe katika Injili, pasipo kamera ya mtu. Irudie mara chache kwa siku kadhaa. Ukiona badala ya benchi kinakuja chumba cha baba yako, acha hapohapo, usilifanye peke yako. Hilo ndilo la kupeleka kwa mtaalamu.

Ushauri wa mkeo una chembe ya kweli. Tunatibu hofu nyingi kwa kumkutanisha mtu na anachokiogopa. Lakini tunafanya hivyo kwa hatua, mtu mwenyewe akishika usukani, na kwa sababu kile kitu kinamzuia kuishi. Nyoka wa bustanini atakutana naye tena, sindano ya hospitali ataihitaji. Filamu hii, ukiikosa maisha yako yote, umepungukiwa na nini? Kuna tofauti pia kati ya kupona na kufa ganzi. Ukirudia kuona mtu akichunwa mgongo hadi usisikie kitu, sijui kama mwalimu wa vijana atakuwa amepata faida. Kwa hiyo jibu langu ni usiitazame sasa. Ikiwa miezi ijayo utataka kuimalizia, itazame mchana, kwenye skrini ndogo, sauti ikiwa chini au imezimwa kabisa, rimoti ikiwa mkononi mwako, ukiruka onyesho lile. Lipo toleo la mwaka 2005 ambalo Gibson alilipunguza kama dakika tano za ukatili. Ni afadhali kidogo, si filamu laini.

Kitu ambacho nakusihi usikikwepe ni Meza ya Bwana. Hapo umeshaanza kusingizia simu, na kukwepa kuna tabia ya kupanuka: leo kikombe, kesho ibada, baadaye maombi yote. Zungumza na mchungaji wako kabla ya siku hiyo, mweleze unachokiona. Kaa karibu na mlango kwa ruhusa yake. Mara ya kwanza kaa tu bila kushiriki, mara ya pili ushiriki. Ukisikia hodi za mwili, kaza misuli.

Yule kijana aliyetukana Wayahudi, usimwache apoe tu. Mwili uliochemka kwa dakika 120 hutafuta mahali pa kumwaga ule moto, na mtafiti Dolf Zillmann alionyesha zamani kwamba msisimko unaobaki kutoka jambo moja hujibandika kwenye jambo linalofuata. Filamu ilimpa sura za kubandika. Makundi ya Wayahudi yalilalamika juu ya hilo ilipotoka, na walikuwa na historia ndefu ya kuwapa sababu: kwa karne nyingi, maigizo ya mateso ya Ijumaa Kuu yalifuatwa na mashambulizi dhidi yao huko Ulaya. Kanisa Katoliki lilitamka mwaka 1965, katika tamko la Nostra Aetate, kwamba mateso yale hayawezi kubebeshwa Wayahudi wote wa wakati ule wala wa leo. Mkumbushe pia kwamba Yesu, mama yake, na wale wanawake waliotazama kwa mbali walikuwa Wayahudi. Na kwa mwaka ujao, soma kwanza alama ya umri kabla ya kuwasha projekta. Huko Uingereza filamu hii ilipewa alama ya 18, yaani si ya walio chini ya miaka hiyo. Hili nakwambia bila kukufunga, maana ulikusudia mema.

Mtafute mtaalamu ana kwa ana bila kungoja ikiwa hulali, ikiwa picha zinakupata hadi unasahau uko wapi, ukianza kunywa ili ulale, au ukiona maisha hayana thamani. Hilo la mwisho ni la leo, si la wiki ijayo. Mbali na hayo, picha zikivuka mwezi mmoja bila kupungua, nenda. Umebakiwa na wiki moja na ushei. Kwa ajili ya mkanda, nimeshasema, usisubiri kalenda.

Nimemweka binti mwisho kwa sababu kwake nina shaka juu ya ugonjwa wenyewe. Umedhani anaogopa filamu. Huenda. Mtoto wa miaka 8 yuko mpakani, wa chini yake humtulizi kwa maneno "si kweli," unamtuliza kwa kumkumbatia, maji ya kunywa na kukaa naye hadi alale, na wa juu yake anaanza kufaidika na maelezo. Kwa filamu hii maelezo ya "si kweli" hayafai hata hivyo, kwa kuwa Jumapili anaambiwa ni kweli. Mwonyeshe basi yaliyo maigizo, rangi na mpira, na umwachie habari yenyewe katika kiasi anachokiweza. Taa mwachie. Haiharibu mtoto.

Lakini alikuwa amekaa nyuma. Alipokuwa akitazama mtu anapigwa kwenye skrini, aliona vichwa vikigeuka, akaona baba yake anaanguka, watu wanambeba kumtoa nje, macho yamefumba. Je, kuna mtu aliyemwambia siku ile kwamba hukufa? Muulize leo jioni, si juu ya filamu. Kaa kwenye kitanda chake na umwombe akusimulie yeye alichokiona, usimkatize. Kisha mwambie kuhusu neva ya vagasi, kwamba inafunga breki na kwamba mtu huamka. Mwekee mkono wake kifuani kwako asikie moyo unavyodunda, hata mara mia akitaka kuhesabu.